Uandishi wa mtandaoni na mambo unayoyapenda

Umeuliza kama ni lazima uache upigaji picha ili uwe mwandishi wa habari wa mtandaoni. Usiache hata kidogo! Mimi nilianza kwa kuandika vichwa vya habari na kukata klipu za sauti, kazi ambayo haina sifa yoyote, lakini kilichonipandisha ni kamera yangu ya mwisho wa wiki. Siku moja ilizagaa picha ya mafuriko, watu wanasema ni ya asubuhi ile. Nikatazama vivuli: vifupi mno, jua lilikuwa karibu utosini. Asubuhi gani hiyo? Tukaitafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, tukaikuta ilishachapishwa miaka kadhaa nyuma. (Taarifa zilizofichika ndani ya faili la picha, yaani tarehe na aina ya kamera, zisikutie moyo sana, mitandao mingi ya kijamii huzifuta picha ikipandishwa.)

Mwangalie Eliot Higgins wa Uingereza. Mwaka 2012 alianza blogu akiwa nyumbani, akichambua silaha zilizoonekana kwenye video za vita vya Syria. Hakuwa mwandishi wa habari. Mwaka 2014 akaanzisha Bellingcat, kundi linalochunguza habari kwa kutumia picha, video na taarifa zilizo wazi mtandaoni.

Shahada inasaidia, hasa kwenye sheria na maadili. Ila mhariri akikuita atataka kuona ulichokwisha kukifanya. Na bakiza hobi moja isiyohusu skrini kabisa. Mimi nakimbia, simu naiacha nyumbani.