Heda kwenye Spring: usirudi kwenye getHeader, ila chunga hiyo Map

Mkuu, umebandika kodi yako ya Spring (fremuweki ya Java ya kujenga sevisi za wavuti) ukasema ulikuwa na request.getHeader, ile ya kusoma kwa mkono heda (maelezo mafupi yanayoambatana na ombi la HTTP), imezagaa kwenye metodi kama thelathini, ukahamia @RequestHeader, anotesheni (lebo ya kwenye kodi) inayoiachia Spring kazi hiyo, na sasa apu za zamani zote zinapigwa 400 (ombi lina kasoro), unauliza urudi ulikotoka au la. Usirudi. Hiyo 400 siyo bagi, ni anotesheni inafanya kazi yake. Usipoiambia kitu inachukulia heda ni ya lazima, ikikosekana Spring inarusha MissingRequestHeaderException na ombi linaishia mlangoni kabla metodi yako haijaguswa. Zamani ulikuwa unapokea null (yaani hakuna thamani) kimyakimya halafu inakuja kulipuka huko ndani kwenye sevisi, unabaki kusoma logi ukijiuliza imetokea wapi.

Kwa hizo apu za zamani weka required = false au defaultValue. Ukiweka defaultValue ile required inajizima yenyewe, na ujue hiyo thamani inatumika pia heda ikija tupu, siyo ikikosekana tu. Halafu angalia aina ya parameta yako. Niliwahi kuweka required = false kwenye int nikajiona nimemaliza, kumbe int haibebi null, heda isipokuja unakula 500 (kosa la upande wa seva) na IllegalStateException. boolean ile ya herufi ndogo ndiyo jambazi kabisa maana hailalamiki, inageuka false na maisha yanaendelea. Weka Integer, Boolean au Optional ulale.

Sasa iliyonitesa mimi ni Map, ile orodha ya Java ya jina na thamani yake. Nilikuwa na metodi inayohitaji heda kama tano hivi, nikaona uvivu kuziandika moja moja, nikaandika:

@RequestHeader Map<String, String> heda

halafu chini nikawa naita heda.get("X-Mteja"). Testi za MockMvc (zana ya Spring ya kujaribu bila seva halisi) zote kijani, nikapandisha, na kwenye seva halisi kila anayeingia mteja wake ni null. Nikaita curl (programu ya kutuma maombi ya HTTP kwa amri) nikaiona heda inatoka kabisa, nikachapa Map nzima kwenye logi, na ndani yake kulikuwa na x-mteja, herufi ndogo tupu. Hapo ndipo nikaelewa: majina ya heda kwenye HTTP hayajali herufi kubwa wala ndogo, Tomcat, seva inayoendesha apu, inayashusha yote kuwa madogo inapoyasoma, ila Map ya kawaida ya Java inajali sana. MockMvc yenyewe ilikuwa inanirudishia jina vilevile nilivyoliandika kwenye testi, kwa hiyo testi ilikuwa inanidanganya kwa nia njema kabisa. Na hata ungepatia herufi, hiyo Map inakupa thamani ya kwanza tu kama heda imetumwa mara mbili. Dawa ni neno moja, badala ya Map weka HttpHeaders, yenyewe haijali herufi na inabeba thamani zote.

Kitu kingine kidogo, usipokee heda ya tarehe kama If-Modified-Since kwenye List<String>. Spring inakata kwenye mkato, na tarehe za HTTP zina mkato baada ya jina la siku, utapata vipande viwili.

Ila swali ambalo ningekuuliza mimi kabla ya yote: hiyo heda ni ya nani? Kama ni ya metodi hiyo moja, mfano If-Match unapozuia watu wawili wasihariri kitu kimoja, @RequestHeader ndiyo mahali pake, mtu akisoma saini ya metodi anajua inadai nini. Lakini kama heda ni ya mfumo mzima, id ya mteja, namba ya kufuatilia ombi, ukiibandika kwenye metodi thelathini umehamisha uchafu tu hujausafisha. Siku jina likibadilika unalo. Hapo tengeneza anotesheni yako, mimi yangu naiita @MtejaWaSasa, na klasi moja ya HandlerMethodArgumentResolver (inayoielekeza Spring ijaze vipi parameta) yenye metodi mbili, supportsParameter inayoangalia kama parameta ina anotesheni hiyo na resolveArgument inayosoma heda na kurudisha objekti ya Mteja iliyokwisha kaguliwa. Unaisajili kwenye addArgumentResolvers basi. Jina la heda linabaki sehemu moja.

Na usisahau @Retention ya RUNTIME juu ya hiyo anotesheni!! Mimi nilisahau nikapoteza nusu siku, kwa sababu hakuna kosa linalotokea, Java inaiacha anotesheni kwenye faili la klasi ila programu ikiwa inakimbia haionekani, Spring ikiona parameta ya aina isiyoijua inaamua ni modeli (objekti ya kujazwa data ya ombi), inakutengenezea Mteja mpya mtupu, fildi zote null. Objekti ipo, debaga inakuonyesha ipo, ila haina kitu ndani.

Jingine la kuangalia, anotesheni inasoma tu, haijui nani katuma. Kama geti lenu la mbele (seva inayopokea maombi kabla ya apu yako) ndilo linaloweka X-Mteja baada ya kukagua tokeni (kitambulisho cha siri cha aliyeingia), hakikisheni linafuta kwanza X-Mteja yoyote iliyotoka nje, la sivyo mtu yeyote mwenye curl anajiita mteja anayemtaka. Na kama mko nyuma ya nginx (seva inayotumika sana kama geti la aina hiyo) msiite heda kwa mstari wa chini, x_mteja inadondoshwa njiani bila neno hadi uwashe underscores_in_headers, tumieni kistari cha kawaida.

Ukikwama kwenye resolver bandika kodi hapa tuitazame, ila futa kwanza ile heda ya Authorization, kwenye uliyobandika juu tokeni yako nzima inasomeka.