Jibu: Setilaiti ya pamoja ya Afrika ilirushwa kweli?

Ndugu, umeuliza kama setilaiti ya pamoja ya nchi za Afrika iliwahi kurushwa au iliishia kwenye makaratasi. Ilirushwa, tena mara mbili. Ya kwanza, RASCOM-QAF1 (RASCOM ni shirika la nchi za Afrika la mawasiliano ya setilaiti), ilipaa Desemba 2007, lakini gesi ya heliamu inayosukuma mafuta yake ikavuja, na umri wake uliopangwa kuwa miaka 15 ukapungua hadi kama miwili. Mbadala wake, QAF1R, ulirushwa kutoka Kourou, kituo cha kurushia roketi huko Guyana ya Kifaransa, Agosti 2010.

Kwangu mimi hoja ya kuwa na setilaiti yetu ilikuwa nzito. Simu ya nchi mbili za Afrika zinazopakana ilikuwa ikizungushwa Ulaya kwanza, na malipo ya njia hiyo yalibaki hukohuko! Inauma. Na kijijini kusikofika waya, dishi moja linatosha kuunganisha watu.