Askari aliyeua kwa bunduki ya serikali: je, ana dhima?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni askari polisi na kazi yangu ni ya silaha. Tangu mwenzetu afikishwe mahakamani kwa kumpiga mtu risasi na kumuua, baadhi yetu tunasema ni heri turudishe bunduki ghalani, kwani aliyetumwa na serikali hastahili kushtakiwa kama jambazi. Dini inasemaje? Na nikiua kwa amri ya mkubwa wangu, dhima ni ya nani?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Silaha uliyokabidhiwa ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba jambo la kwanza kuhukumiwa baina ya watu Siku ya Kiyama ni damu, wala hakumtoa katika hukumu hiyo mwenye cheo wala mwenye sare.

Mfano ulio karibu zaidi na swali lako ni wa Khalid bin Walid (R.A.), kamanda aliyetumwa kwa kabila la Banu Jadhima mwaka wa 8 Hijria. Watu wale walishindwa kutamka vizuri kwamba wamesilimu, naye akawafahamu vibaya, wakauawa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliinua mikono yake na kusema mara mbili kwamba anajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na alilolifanya Khalid, kisha, kama wanavyosimulia wapokezi wa Sira (historia ya maisha ya Mtume), akamtuma Ali (R.A.) awalipe dia (fidia ya damu) ya waliouawa na thamani ya mali iliyopotea, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Zingatia kwamba Khalid hakuitwa jambazi na aliendelea kuongoza majeshi, lakini kosa lilitajwa hadharani kuwa ni kosa, na mamlaka iliyomtuma ndiyo iliyolipa. Wanaodhani kwamba kumhoji askari ni kumvunjia heshima, na wale wanaomwita muuaji kabla uchunguzi haujaanza, wote wamekiacha kisa hiki nyuma yao.

Ama wakati wa kufyatua risasi, wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi katika mlango wa kumzuia mshambuliaji wameweka ngazi: azuiwe kwa lililo jepesi kwanza, kwa maneno ikiwa yanatosha, kisha kwa mkono, kisha kwa fimbo, na haifai kuruka ngazi ila pale hatari inapokuwa haikupi nafasi. Akigeuka na kukimbia bila kumtishia mtu, sababu ya kumpiga imeondoka. (Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinakaribiana sana na hayo, kwani hazikubali kuua kwa kukusudia ila pale isipoepukika kabisa ili kuokoa uhai.) Aliyeua ndani ya mpaka huo hana dhambi, wala dia, wala kafara (ibada ya kufidia kosa mbele ya Mwenyezi Mungu).

Kuhusu amri ya mkubwa, Mtume (S.A.W.) alipoambiwa habari za kamanda aliyewasha moto na kuwaamuru askari wake wauingie, alisema kwamba utii ni katika mema tu. Basi ukiamriwa kumpiga risasi mtu unayemjua hana hatia, kataa. Ukitii, dhambi ni yako, na aliyekuamuru ana yake.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Hakimu huhukumu kwa ushahidi alioletewa, na Mtume mwenyewe alituambia kwamba yeye ni binadamu, huenda akampa mtu haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wa hoja, na kwamba anayepewa hivyo amekatiwa kipande cha moto. Kwa hiyo askari aliyeandika ripoti ya uongo akaachiwa huru hajasalimika. Na aliyeua kwa kukosea, mathalani risasi iliyompata mpita njia, ana hukumu ya Suratun Nisaa, Aya ya 92: dia kwa jamaa za marehemu, nao wanaweza kuisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi 2 mfululizo. Kafara hiyo ni haki ya Mwenyezi Mungu, kwa hiyo jamaa wakisamehe, na hata mahakama ikimwachia, askari huyo bado ataifunga.

Wallahu aalam.