Zuieni mali kwanza, tume baadaye

Mkuu simama hapo hapo. Unauliza kama tume ya uchunguzi ina faida inayozidi gharama zake na mwenyekiti awe jaji au nani, halafu katikati unapitisha kwamba mikataba na risiti za hizo hela za serikali zilizoliwa mmezikalia mpaka tume iundwe ndo mzitoe. Hapo ndo presha imenipanda.

Sisi tulishauriwa hivyo hivyo. Tulikuwa na nakala za malipo ya kazi ambayo haikufanyika, kila kitu kipo, tarehe, sahihi, mpaka akaunti iliyopokea. Wakili aliyekuwa anatuongoza akasema msiende polisi, tume ina nguvu kuliko polisi, mkitoa ushahidi mapema mtauharibu. Basi tukasubiri, tume ikatangazwa, ikatafutiwa ofisi, ikaongezewa muda, ikaongezewa tena, na kampuni iliyolipwa huku inahamisha hela taratibu hakuna wa kuigusa, magari yakauzwa, nyumba zikabadilishwa majina, mwisho kampuni yenyewe ikafungwa. Ripoti ilipotoka ilikuwa nzuri, tuliyoyasema yote yamo, ila cha kurudisha hakuna. Wakili yeye alilipwa kila kikao! Mpaka leo nataka anitajie tume aliyowahi kuiona inakamata akaunti ya mtu. Mtu kasomea sheria anajua kabisa tume haihukumu, Uingereza wameiandika wazi kwenye sheria yao ya 2005 kwamba haina mamlaka ya kuamua nani ana hatia ya jinai wala nani alipe madai.

Angalia Afrika Kusini. Tume ya Jaji Zondo, iliyochunguza ufisadi serikalini, ilipewa siku 180 mwaka 2018, ripoti ya mwisho ikaja 2022, na ikala karibu randi bilioni 1. Mpaka katikati ya 2020 ndo kanuni zikabadilishwa ili waliokusanya ushahidi waruhusiwe kuwapa waendesha mashtaka. Miaka miwili imeshapita hapo! Hata ile miezi 15 aliyohukumiwa Jacob Zuma 2021 ilikuwa ya kudharau amri ya mahakama iliyomtaka afike kwenye tume, sio ya hela. Wakati huohuo kampuni ya ABB ilikubali Desemba 2020 kuirudishia Eskom, shirika lao la umeme la serikali, randi bilioni 1.56, na makubaliano hayo yalifanywa na kitengo maalumu cha uchunguzi pamoja na Eskom, nje ya tume. Hela hiyo inazidi gharama ya tume nzima.

Kanada nao 2004 polisi hawakumsubiri Jaji Gomery na tume yake amalize kuchunguza hela za serikali za matangazo, walifungua mashtaka mapema na 2006 watu wakatiwa hatiani.

Sisemi tume haina kazi. Kueleza hela zilipitaje mezani kwa watu wote hao bila mtu kukataa kusaini, hilo kesi ya jinai haitawapa, na mimi naona hilo peke yake lina thamani, lakini liwe baada ya mali kuzuiwa.

Nakala pelekeni kesho kwa waendesha mashtaka na kwa mkaguzi wa serikali, mgongewe muhuri wa kupokelewa, na barua itaje namba za akaunti na iwatake waombe zuio mahakamani. Saini za kudai tume endeleeni kukusanya. Na huyo anayewaambia msubiri, muulizeni kwenye tume ataingia kama nani na analipwa na nani.