Shangazi Alisema "Sijambo", Bima Ikakataa Kulipa

Nesi wa bima alipokuja kumkagua shangazi yangu hapa Minnesota, nilimpokea kama anavyopokewa mgeni. Nilimwogesha shangazi, nikamvisha dera jipya, nikateleka chai. Nesi akauliza, "Unaoga mwenyewe?" Shangazi, aliyefanya unesi miaka yake yote, akajibu kwa fahari: "Mwenyewe! Sijambo kabisa." Wiki tatu baadaye barua ikaja. Madai yamekataliwa.

Nilidhani bima ya matunzo ya muda mrefu inalipia uzee. Kumbe inalipia kile ambacho mtu hawezi tena kukifanya. Mikataba mingi ya Marekani huhesabu mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja, na kuinuka kitandani au kitini. Ashindwe mawili, na mtaalamu wa afya aandike kwamba hali hiyo itadumu siku 90 au zaidi. Aliyepotewa na kumbukumbu hadi akahitaji kuchungwa, hilo pekee linatosha.

Basi nunua daftari kabla nesi hajaja. Langu nilianza kuliandika baada ya barua: "Jumanne, kashindwa kutoka bafuni, nimemwinua." "Alhamisi, kafunga vifungo kombo, akalia." Daktari wake alizisoma kurasa zile, akaandika ripoti upya, tukakata rufaa. Nesi aliporudi, nilimwacha shangazi na leso yake ya nyumbani, nywele hazijachanwa. Tulikubaliwa. Shangazi alininunia siku mbili.

Halafu kuna kipindi cha kusubiri, yaani siku za mwanzo ambazo bima bado hailipi. Chetu kilikuwa siku 90, na kwa mkataba wake zinahesabiwa siku za huduma ya kulipiwa tu. Ile miezi minne niliyomwogesha mimi haikuhesabiwa hata siku moja! Kwa hiyo siku 90 za mwanzo katika makao ya wazee, yale ya kusaidiwa shughuli za kila siku, tulizilipa mfukoni, dola 180 kwa siku: dola 16,200. Na usiitegemee Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Haitoi kodi ya chumba wala chakula katika makao ya namna hii. Hulipia nyumba ya uuguzi, si zaidi ya siku 100, tena baada ya kulazwa hospitali.

Soma mkataba kabla ya kuchagua makao. Mingine ya zamani hutaja nyumba za uuguzi peke yake, au hudai leseni ya aina fulani. Minnesota ilianza kutoa leseni maalumu ya makao haya Agosti 2021. Mkataba wa shangazi ni wa 2001. Kilichotuokoa ni kifungu cha mpango mbadala wa matunzo, kinachoiruhusu bima kulipia huduma ambayo mkataba haukuitaja. Waulize kwa maandishi, wakujibu kwa maandishi.

Ada ya bima usiache kuilipa, hata madai yakikubaliwa, mpaka barua ya kukusamehe ifike mkononi. Tena muombe mzee aandikishe mtu wa pili wa kupelekewa taarifa ada isipolipwa. Shangazi alikataa miaka mingi, hakutaka nijue mambo yake ya fedha. Siku nilipofungua droo yake nilikuta onyo la mwisho, bahasha haijafunguliwa, zimebaki siku tisa bima ifutwe.