Kifaa kifuate mazoea ya mzee: kwa wanaoanza kuhudumia wenye demensia

Wanaoanza kazi hii ya kutembelea wazee majumbani hapa Uganda, wawe wanafunzi wa tiba, wahudumu wa VHT (wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini) au wajukuu walioachiwa bibi, huniuliza kwanza kifaa gani kinunuliwe. Wameona kwenye simu saa ya mkononi inayoonyesha mzee alipo, kisanduku cha dawa kinacholia, kengele inayojua mlango umefunguliwa. Vifaa hivyo vipo na vinasaidia kweli. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya bidhaa saidizi 50 za kupewa kipaumbele, na ndani yake mna visanduku vya kupangia dawa, simu zilizorahisishwa na vifaa vya GPS vinavyoonyesha mtu alipo, pamoja na miwani, vifaa vya kusikilizia na vyuma vya kushikilia ukutani. Lakini nawaomba: msinunue chochote kabla hamjashinda na mzee tangu anapoamka hadi anapolala.

Demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kwa sababu ya maradhi ya ubongo, ina aina nyingi. Iliyoenea zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao unakadiriwa kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote, nao kwa kawaida huanza na kumbukumbu za karibuni. Mama amesahau kwamba amekula, lakini mikono yake bado inajua kuwasha sigiri, kumenya matoke na kufunga mkanda wa gomesi. Mazoea ya mikono hudumu muda mrefu kuliko habari za jana. Kwa hiyo kifaa kinachomtaka mzee ajifunze mambo mapya matatu kwa mpigo kitakaa kabatini, na kile kinachoshikamana na jambo analolifanya miaka yote kitatumika. Ndiyo maana ya kushinda naye. Andika anaamka saa ngapi, anakaa kiti kipi, redio inafunguliwa wakati gani, anapotea katika hatua ipi ya kuoga, na saa ngapi anaanza kuhangaika akitaka "kurudi nyumbani" hali yuko nyumbani. Wengi huanza kuhangaika jioni jua linapotua. Ukikijua kipindi hicho, umejua pa kuanzia.

Siku hiyohiyo chunguza masikio na macho. Nimeona familia ikisema mzee hakumbuki tena anachoambiwa, kumbe masikio yamejaa nta. Mwingine anaambiwa hatambui watu, na miwani yake ilivunjika zamani, hakuna aliyeiulizia. Usikivu hafifu na macho mabovu yasiyotibiwa yamo katika orodha ya mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 kuwa yanaongeza hatari ya demensia, na hata kwa aliyekwisha kuugua, asiyesikia vizuri atachanganyikiwa zaidi. Miwani ikipatikana ni teknolojia saidizi ya kwanza, na mara nyingi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote utakazoleta.

Kuna jambo moja ambalo halingoji kifaa chochote. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaongea ovyo, halali au amelegea ghafla, apelekwe kituo cha afya leo. Demensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka au dawa mpya aliyopewa. Hata aliye na demensia tayari hupatwa na haya. Ndugu wakikuambia ni uzee tu, au ni mambo ya jirani mwenye husuda, wasikilize kwa heshima kisha mtafute usafiri.

Sasa saa na dawa, ambapo vifaa vya nje hutuangusha sana. Sisi, tuseme Kiswahili au Kiganda, huhesabu saa moja asubuhi jua linapochomoza. Kisanduku kilichotengenezwa nje hutamka kwa Kiingereza "seven o'clock". Kijana hubadilisha kichwani bila kufikiri. Mzee ambaye ubongo wake umechoka hushindwa, na akisikia saba anaweza kuingoja saa saba ya mchana. Kwa dawa ya shinikizo la damu au ya sukari hilo ni hatari. Kwa hiyo zima sauti ya kiwandani. Kama kifaa kinakubali kurekodiwa, rekodi sauti ya mtu wa nyumbani anayeaminika, kwa lugha ambayo mzee anaitumia moyoni: "Mama, ni mimi binti yako. Chai imeiva, kunywa na dawa yako." Lugha aliyojifunza ukubwani inaweza kumtoka mapema. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali utamkuta bibi kutoka Kongo aliyezungumza Kiswahili kwa miaka mingi, na sasa anajibu kwa Kibembe au Kifuliru tu. Waulize watoto wake kabla ya kurekodi. Tena, mchezeshee ile sauti ukiwa umekaa naye. Wako wanaoogopa kumsikia mtu wasiyemwona, na akiogopa, acha njia hiyo.

Mara nyingi kengele bora tayari ipo. Mzee Mwislamu wa Bombo ameisikia adhana mara tano kwa siku maisha yake yote, na kwa kuwa Uganda iko kwenye ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima. Dawa ya jioni ikifungwa na magharibi, umepata kikumbusho kisichohitaji betri. Kwa mwingine ni taarifa ya habari ya redio, au sala ya rozari. Kisanduku chenye vyumba saba kinafaa maadamu kuna mtu mmoja, ajulikane kwa jina, anayekijaza kila wiki na kukikagua. Ugonjwa ukisonga mbele, mzee ataanza kumeza vyumba viwili kwa pamoja au kuficha vidonge chini ya mto wa kulalia. Hapo kisanduku kiondoke mikononi mwake, dawa zifungiwe, na apewe mkononi kwa mkono.

Ukitaka mzee ajifunze jambo moja dogo jipya, kwa mfano kutazama ubao ukutani ili ajue leo ni siku gani, kuna njia ambayo wataalamu wa kumbukumbu wameitumia kwa miaka mingi, nayo haigharimu kitu. Muulize: "Bibi, ukitaka kujua leo ni siku gani, unatazama wapi?" Mwonyeshe ubao, atamke jibu, ainuke autazame. Zungumzeni mambo mengine kwa nusu dakika, kisha uliza tena. Akijibu sawa, ngoja dakika moja, halafu mbili, nne, nane. Akikwama, usimwache abahatishe, wala usimtahini kama mwalimu. Mpe jibu palepale, alirudie, kisha urudi kwenye muda wa mwisho aliouweza. Afanye kwa mwili, siyo kwa mdomo tu, kwa sababu unapanda mazoea. Jambo moja likikaa ndipo ulete la pili. Kwa sababu hiyohiyo vifaa viletwe mapema, angali na uwezo wa kuvizoea. Ukisubiri mpaka hali iwe mbaya, kifaa kitamfaa mhudumu peke yake.

Simu, kwa mfano. Kama ana kitochi chake cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe, mwachie. Vidole vinakijua, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Weka namba za watu wawili au watatu kwenye vitufe vya kupiga kwa haraka, na kama macho yanaruhusu, bandika picha ndogo ya binti yake karibu na kitufe chake. Msimbadilishie simu ya kioo kwa upendo tu, mkitaka amwone mjukuu aliye Kampala. Mjukuu huyo apigiwe kwa simu ya mhudumu.

Palipo na simu pana pesa, na hapa nawaomba muwe macho. Laini ya mzee ikiwa na pesa za simu, matapeli watampigia, na wengine ni wa ndani ya nyumba. Wazee wa miaka 80 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa serikali hupata shilingi 25,000 kwa mwezi, na ninaijua familia ambamo fedha hizo hazikuwahi kugeuka kuwa sabuni wala sukari ya mwenyewe. Zungumzeni mapema, mzee mwenyewe akiwepo na akiwa bado anaelewa: nani atashika fedha, nani mwingine ataona hesabu. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu.

Kupotea njia ndiko kunakowatisha familia zaidi, na ndiyo maana wote huulizia kifaa cha GPS. Kijueni vizuri kabla hamjawashauri watu watoe fedha. Kinahitaji laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mtu wa familia, kinahitaji bando, na vingi huhitaji kuchajiwa kila siku au kila baada ya siku chache. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa. Mtandao ukiwa dhaifu, ramani itakuonyesha alipokuwa zamani kidogo, siyo alipo. Ndani ya nyumba au kati ya majengo yaliyobanana, alama inaweza kuruka hadi mtaa mwingine. Kwa familia yenye umeme, simu ya kisasa na kijana wa kusimamia, kinaokoa maisha. Kwa familia ambayo Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha hukaa gizani siku mbili, anzeni na vinavyosimama bila umeme: njuga mlangoni, namba ya simu iliyotariziwa ndani ya pindo la gomesi au mfuko wa kanzu, bangili yenye namba hiyohiyo.

Halafu nendeni kwa watu. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vijana wa steji ya boda, mwenye duka la kona, msikiti na kanisa. Waonyesheni picha ya karibuni, waambieni anapenda kuelekea wapi, maana wengi hurudi walikowahi kufanya kazi au kuishi. Mwanamume aliyeuza samaki sokoni miaka thelathini ataelekea sokoni. Vijana wa boda nawaheshimu sana katika hili. Wakijua kwamba fulani akipanda asipelekwe mbali bali arudishwe, wanafanya hivyo. Ombeni ruhusa ya mzee na familia kabla ya kutangaza habari zake, kwani ugonjwa wake ni siri yake. Hata GPS ni hivyohivyo: Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na kumfuatilia mtu mzima bila kumwambia, pale anapoweza kuelewa, ni kumvunjia heshima. Mwambieni kwa maneno mepesi, tena na tena: "Tunaivaa hii ili mtoto wako akufikie haraka." Akiivua kila mara, huenda inambana au inamwasha ngozi. Jaribuni kuishona kwenye koti analolipenda.

Usiku unataka mpango wake. Choo kikiwa nje, mzee atainuka gizani na kuanguka kabla hujasikia. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu anapopita iwekwe mlangoni, mawe ya njiani yapakwe chokaa, kamba imara ifungwe toka mlangoni hadi chooni aishike. Wengine tumewawekea kiti chenye ndoo chumbani, nalo ni jambo jema kuliko nyonga iliyovunjika. Demensia huathiri pia jinsi jicho linavyosoma vitu. Mkeka mweusi sakafuni unaweza kuonekana shimo, sakafu inayong'aa ikaonekana maji, na posho (ugali) nyeupe kwenye sahani nyeupe isionekane kabisa. Bibi anayeambiwa hataki kula, jaribuni sahani nyekundu au ya buluu kabla ya kusema amekataa. Kioo kikimwonyesha "mtu mgeni" chumbani, kifunikeni kwa kanga.

Msisahau furaha. Redio ndogo inayopokea flashi, yenye kitufe kimoja kilichobandikwa utepe mwekundu, ikijazwa rumba ya Kongo, taarabu, kaswida au nyimbo za kanisa za ujana wake, inatuliza ile hangaiko ya jioni kuliko maneno yangu. Kwa wazee Wanubi, wekeni doluka, ngoma yao ya sherehe, na muone mabega yanavyoitikia.

Na katika yote hayo mtazameni anayemhudumia. Mara nyingi ni binti au mjukuu wa kike aliyeacha shule au biashara, halali, hana wa kumpokea zamu. Kabla ya kuacha kifaa nyumbani kwake, muulize waziwazi kitampunguzia kazi au kitamwongezea. Kifaa kinacholia usiku mara sita kwa sababu mbuzi amepita mlangoni kitazimwa, na atakuwa na haki ya kukizima.

Kila ziara uliza nani alikichaji mara ya mwisho na lini mzee alikitumia. Kisichotumika kiondolewe kipelekwe kwa mwingine, familia isijione imeshindwa. Ukihamishwa kituo, mwachie anayekupokea daftari: dawa na saa zake kwa hesabu yetu, namba ya laini iliyo ndani ya kifaa na imesajiliwa kwa jina la nani, anayejaza kisanduku, steji iliyoarifiwa. Chaja nazo ziandikwe kwa wino mzito ni za kifaa gani, kwani zikichanganyika na za simu za nyumbani, kesho hazionekani.