We wa Jinja, usiunganishe hizo leya!

Acha. Toa mkono kwa mausi kwanza. Umeandika ati mapu ya kijiji ya mchezo wenu wa mtandaoni wa kuigiza wahusika imekwisha, iko na leya 11, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, na leo usiku unataka kuziunganisha zote ziwe picha moja ndio ifunguke haraka kwa wachezaji wako wenye bando ndogo, halafu ukauliza gridi ya miraba iwe na pikseli ngapi na taa zinawekwaje. Gridi na taa zingoje. Hiyo ya kuunganisha ndiyo iliyonimaliza mimi, na sikubali nikuone unatembea kwenda shimo lile lile huku unapiga mluzi.

Mimi nilikuwa naongoza kampeni, yaani hadithi moja ya mchezo, ya miezi 4, wachezaji 5, wawili Kampala, mmoja Mbarara, mmoja Gulu, na binamu yangu wa Nairobi ambaye anaona Kiswahili ni cha babake. Ngoma ya kifalme imeibwa, wanamtafuta mwizi, na usiku wa mwisho ni ndani ya boma lenyewe. Sikutaka ngome ya mawe kama kila mtu, nikaiga mitaro ya Bigo bya Mugenyi, ile ya Sembabule kando ya mto Katonga ambayo ukiijumlisha yote inapita kilomita 10. Nikachora kwa GIMP, ile programu ya picha, wiki 3, nyumba 14 za nyasi, kila nyumba sakafu yake leya moja na paa lake leya nyingine juu yake, ili wakiingia mlangoni naondoa paa wanaona ndani. Na juu ya yote nikaweka leya yangu ya siri, maandishi mekundu: shimo hapa, nyoka hapa, na kando ya kitanda cha mganga nikaandika MGANGA NDIYE MWIZI WA NGOMA. Ndiyo, kwa herufi kubwa. Usicheke bado.

Sasa kuna jamaa mmoja wa video, maikrofoni ya bei kali, taa za zambarau nyuma yake, akasema kabla ya kuekspoti unganisha leya zote, mapu itakuwa nyepesi. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia uoshe mikono. Kile hakusema ni kwamba hiyo komandi kwa GIMP inachukua tu leya ambazo ile alama ya jicho iko wazi, zile zilizofungwa jicho inazitupa. Na mimi saa hiyo nilikuwa nimefunga jicho la paa zote 14 kwa sababu nilikuwa napaka rangi mikeka ya ndani. Lakini ile leya nyekundu ilikuwa wazi. Kwa hiyo paa zikaenda na siri zikagandishwa kwa ardhi, yaani kinyume kabisa cha nilichotaka, hata ungenilipa nisingeweza kukosea vizuri hivyo. Nikaekspoti JPG, na kwa mazoea nikabonyeza Ctrl+S. Hapo ndipo nilipojichinja mwenyewe, maana ile faili ya XCF, faili halisi ya kazi ya GIMP, yenye leya zaidi ya 40 ikasevika ikiwa na leya moja. Bado ningeweza kurudisha nyuma kama programu ingebaki wazi, lakini stima ikakatika, na betri ya laptopu yangu ni ya mapambo tu. GIMP haisevu historia ya kurudisha nyuma ndani ya faili. Ukifunga, imekwisha.

Kesho yake nikaona paa hazipo. Nikajipa moyo, si kuna ukungu, lile pazia jeusi la programu ya mchezo, nitafunika nyumba zote nifungue moja moja. Yale maandishi sikuyaona kabisa, mapu nzima ikiwa kwa skrini yangu yalikuwa madogo kama chawa. Tukaanza saa tatu usiku. Nyumba ya kwanza waliyochagua kuingia ni ipi? Nikaondoa ukungu. Kimya. Halafu binamu akazumu, akasoma polepole kama msomaji wa taarifa ya habari, "Mganga... ndiye... mwizi... wa ngoma." Miezi 4 bana! Tulimaliza kwa dakika 20, muda uliobaki tukaongea bei ya matooke. Mpaka leo yule wa Gulu hanisalimii kwa jina langu, ananiita Mganga.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba haikuhitajika! Ukiekspoti JPG au PNG, GIMP yenyewe inaunganisha vile vinavyoonekana ndani ya ile nakala, faili yako ya XCF inabaki na leya zake zote. Yule jamaa aliniambia nivunje mtungi ili nimimine maji. Halafu uzito wenyewe hautokani na leya, JPG haina leya hata moja, uzito ni ukubwa wa picha kwa pikseli na aina ya faili. Wachezaji wako hawapakui XCF yako, kwa hiyo hata ikiwa na leya 200 bando yao haiguswi.

Shika hii tu, mengine utajua mbele: kitu chochote kinachoweza kuhama, kufunguka au kufichuliwa wakati mnacheza kisikae kwa picha moja na ardhi. Ardhi, mitaro, njia, hizo ekspoti JPG, inatosha na ni nyepesi. Paa kila moja peke yake, PNG au WebP, kwa sababu JPG haijui uwazi, paa lako la duara litakuja na kiboksi cheupe kama limefungwa kwa kaveera, ule mfuko wa plastiki. Kwa Roll20, programu ya kuchezea mtandaoni, unaliweka juu ya nyumba, wakiingia unalihamishia leya ya mwongoza mchezo, yaani wewe, linapotea machoni mwao. Na siri usizichore kabisa kwenye mapu, ssebo, hata kwa leya uliyoifunga jicho. Zitie kwa hiyo hiyo leya ya mwongoza mchezo, wewe peke yako unaiona.

Gridi ni pikseli 70 kwa mraba ukiwa Roll20, 100 kwa Foundry, programu nyingine kama hiyo, ukiiacha ilivyo. Miraba 40 kwa 30 ya Roll20 ni 2800 kwa 2100, hesabu yako hiyo. Na mistari ya gridi usiichore kwa ardhi, itapishana na ile ya programu, ukiitaka sana iweke leya yake... unaona tumerudi pale pale.

Sasa nenda kwa folda, nakili XCF yako, moja itie kwa flash, ndio ufungue GIMP. Halafu piga picha ya ile orodha ya leya uitume hapa kabla ya kuekspoti, nataka kuona macho gani yako wazi.